Jua Lisichwe: Kusoma Biblia na Wanandoa wa Mwalo wa Igombe

Ratiba ya kikundi chetu cha wanandoa hapa Igombe, mwalo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, Tanzania, haifuati kalenda ya kanisa, inafuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa taa, kwa sababu dagaa huifuata nuru, na mwezi unapokaribia kuwa mpevu taa hizo hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu hushonwa, na wanaume hulala majumbani mwao kwa siku kadhaa mfululizo. Hizo ndizo siku zetu za kukutana. Nimefundisha Biblia na kuwashauri wanandoa katika mialo ya Ilemela kwa miaka kumi na sita, na sijaona semina ya siku moja, hata iwe na wahubiri mashuhuri kiasi gani, iliyofanya kile kinachofanywa na jozi tano au sita za wanandoa zinazosoma sura moja polepole, sebuleni kwa mmoja wao, kwa muda wa saa moja na nusu.

Sikuanza hivyo. Kikundi changu cha kwanza nilikifungua kwa kuwaomba watu waeleze changamoto za ndoa zao, nikiamini kwamba uwazi ndio dawa. Jioni ya pili mama mmoja alieleza jinsi fedha za mauzo ya dagaa zilivyokuwa zikipotelea njiani kabla ya kufika nyumbani. Mumewe alikuwa ameketi kando yake, akitazama sakafu. Hawakurudi tena, na niliposikia baadaye jinsi usiku ule ulivyoishia nyumbani kwao, nilielewa kwamba kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimegeuza sebule kuwa baraza, na mwanaume yule akahukumiwa pasipo kusikilizwa. Tangu hapo kanuni yetu ni kwamba hatuanzi na matatizo ya mtu, tunaanza na andiko, na kila anayesema hujisemea nafsi yake, hamsemei mwenzake. Anayetaka kuzungumza juu ya mwenzi wake hutuona mimi na mke wangu faragha, tena waje wote wawili.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Kifungu husomwa mara mbili, kwanza na mwanaume na kisha na mwanamke, mara moja kutoka Union Version, ile Biblia ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekua nayo, na mara nyingine kutoka Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi zaidi. Pakiwa na mzee mwenye Biblia ya Kisukuma, naye husoma. Tofauti za maneno ndizo zinazofungua mazungumzo. Baada ya hapo nauliza maswali matatu tu: andiko linasema nini, lilimaanisha nini kwa waliolipokea kwanza, na kesho asubuhi litanikuta wapi. Swali la tatu haliruhusiwi kabla ya mawili ya kwanza kujibiwa. Huenda likaonekana sharti dogo, lakini ndilo linalomzuia mume kuuchukua mstari mmoja na kuutumia kama fimbo.

Nitatoa mfano. Tulikuwa katika Waefeso 4:26, "Mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka." Nilieleza kwamba Paulo analikumbuka andiko la Zaburi 4:4, na kwamba neno la Kiebrania lililoko pale lina maana ya kutetemeka, ndiyo maana Union Version imeandika "Mwe na hofu", ilhali tafsiri ya kale ya Kigiriki ilichagua neno la hasira, na ndilo Paulo analotumia. Nilidhani nimefundisha vizuri. Mama mmoja anayeanika dagaa akanyoosha mkono.

"Mwalimu," alisema, "mimi mwenzangu huondoka jua linapochwa. Tukikwaruzana saa tisa, saa kumi na mbili mtumbwi umeshamchukua, na uchungu nabaki nao mimi mpaka alfajiri. Akirudi amechoka, anakula, analala. Sasa sisi jua letu ni lipi?"

Hapakuwa na aliyecheka. Mumewe aliyekuwa ameinamia Biblia aliinua uso, akamgeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe huwa unakesha nayo, Mama watoto? Mimi hudhani nikishaondoka umesahau."

Mstari wa Zaburi, ambao nilikuwa nimeutaja kwa ajili ya elimu tu, unaendelea hivi: "Tafakarini vitandani mwenu na kutulia." Tuliurudia. Mama yule alikuwa na kitanda lakini hakuwa na utulivu. Baba alikuwa na ziwa, na kila mvuvi aliyekuwamo sebuleni anajua kwamba upepo ukivuma ghafla usiku hakuna mwenye hakika ya kurudi. Wawili wale walikubaliana jambo dogo sana: kabla taa hazijapakiwa mtumbwini, ikiwa kuna neno baina yao, watalimaliza, na lisipomalizika mmoja atamwambia mwenzake waziwazi, "Hili tutaliendeleza kesho," ili asiyekwenda ziwani asidhani limezikwa. Sikuwapa mimi ushauri huo. Nisingeweza kuufikiria, kwa kuwa mimi hulala nyumbani kila siku.

Hapo ndipo ninapoona kazi halisi ya kikundi kidogo. Mume yule alikuwa ameishi na mkewe miaka mingi pasipo kulisikia jambo hilo, kwa sababu nyumbani lingesemwa kama lawama, naye angejitetea. Sebuleni kwa jirani lilisemwa kama swali kuhusu andiko, na swali kuhusu andiko halina mshtakiwa. Petro anawaagiza waume wakae na wake zao "kwa akili", na kuongeza kwamba wakiwanyima heshima kuomba kwao kutazuiliwa. Kukaa kwa akili kunahitaji kwanza kujua mwenzako anakesha na nini.

Waefeso 5 ndiyo sura ninayoiendea kwa tahadhari kubwa zaidi, na kwa kawaida huchukua jioni tatu. Wanaume wengi huja wakiwa na mstari wa 22 kichwani, "Enyi wake, watiini waume zenu", kana kwamba sura inaanzia hapo. Ukweli ni kwamba katika nakala za kale kabisa za Kigiriki mstari huo hauna kitenzi chake wenyewe. Unakiazima kutoka mstari wa 21, unaowaambia waamini wote wanyenyekeane. Kiswahili chetu kimetumia vitenzi viwili tofauti, kunyenyekeana na kutii, hivyo msomaji haoni kwamba ni kamba moja. Ninapoonyesha hilo, wapo wanaokunja uso, na siwalaumu, maana ni jambo geni kwao. Nawaomba tu wasisimame hapo bali wafike mstari wa 25, ambako waume wanaambiwa wapende kama Kristo alivyolipenda Kanisa, "akajitoa kwa ajili yake". Jioni moja baba mmoja, mtu wa mifugo aliyehamia ziwani, alisema kwamba yeye alikwisha kutoa. Alitoa ng'ombe kumi na wawili. Mkewe akamjibu pasipo kuinua macho kutoka kwenye kitabu, "Ng'ombe alitoa baba yako. Hapa imeandikwa akajitoa." Kicheko kilichofuata kilisikika hadi nje, na baba yule alicheka kuliko wote, kisha akaomba mstari usomwe tena.

Kuhusu chakula niseme neno moja, kwa kuwa vikundi vingi hufia hapo: tulipoanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, kila mwenyeji alitaka kumpita wa jana, hadi familia moja ikaomba udhuru kwa kukosa fedha za soda. Sasa ni chai na viazi vitamu, kwa tajiri wa mitumbwi na kwa mbeba mizigo.

Kuna mambo ambayo kikundi hakipaswi kuyabeba. Siri iliyotoka nje ya sebule haina tiba, na aliyeitoa humwomba radhi aliyeumizwa mbele ya wote au anapumzika. Na penye kipigo, kikundi si mahali pake. Nimewahi kusikia kiongozi wa seli, yaani kikundi kidogo cha kanisa, akimwambia mama aliyevimba uso aendelee kuomba. Hilo si imani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mama wa namna hiyo tunamsindikiza huko kwanza, mimi na mke wangu, na Biblia tunaisoma naye baadaye.

Majirani zetu Wakatoliki wametutangulia katika njia hii. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliokutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, waliziweka jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa kazi yao, na nimejifunza mengi kwa kuona jinsi jumuiya inavyoendeshwa na walei wenyewe padre akiwa mbali. Prisila na Akila walikuwa mafundi wa hema, si makuhani, na bado walimchukua Apolo, msemaji hodari, wakamfundisha nyumbani kwao, mke na mume pamoja.

Anayetaka kuanza asianze na Waefeso. Aanze na Ruthu. Ni sura nne tu, ina njaa, msiba, mavuno, mkwe na mahari ya namna yake, na hakuna mume anayejihisi ameandaliwa mtego. Kwetu mbalamwezi moja hutosha vikao viwili, kwa hiyo Ruthu humalizika kwa miezi miwili. Kikundi kipya cha Kayenze kimefika mwisho wa sura ya pili. Giza limeanza tangu juzi, na Boazi atasubiri kwenye uwanja wa kupuria mpaka mitumbwi ipande mchangani tena.