Daniel Boone na Ardhi Iliyomponyoka: Kwa Nini Kupanda Mahindi Hakukutosha

Wengi wanaotuandikia, wakiwamo wasomaji wa Kiswahili waliotoka Kongo na sasa wanaishi Lexington, mji wa jimbo la Kentucky nchini Marekani, huuliza imekuwaje Daniel Boone, mwindaji na mlowezi wa karne ya 18, aliyeongoza ukataji wa njia ya kuingia Kentucky mwaka 1775, akawa luteni kanali, mbunge wa Virginia na sherifu wa kaunti ya Fayette, apoteze karibu madai yake yote ya ardhi huko. Sababu si kwamba hakujua kusoma na kuandika. Dai hilo hurudiwa mno, ilhali taarifa za upimaji zenye saini yake zimehifadhiwa mpaka leo.

Sababu ni utaratibu. Wakati huo Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia, na sheria ya ardhi ya Virginia ya mwaka 1779 ilikuwa na hatua nne. Kwanza mwombaji alipata kibali kilichotaja idadi ya ekari. Kisha alikipeleka kwa mpimaji wa kaunti, aliyeandika daftarini eneo linaloombwa. Ndipo ardhi ilipopimwa na ramani yake kuwasilishwa katika ofisi ya ardhi. Na mwisho gavana alitia saini hati ya umiliki. Aliyeacha hatua moja, au aliyeeleza eneo kwa maneno ambayo jirani hawezi kulitambulia, aliweza kushindwa mahakamani hata kama alikuwa akiishi papo hapo. Kujenga kibanda na kupanda mahindi kulimpa mlowezi haki ya kuomba hati, wala hakukuwa hati. Na tafadhali, nchi hiyo haikuwa tupu: Washawnee na Wacherokee, mataifa ya wenyeji wa Amerika, waliitumia kabla ya walowezi kufika, na mwaka 1778 Washawnee walimteka Boone mwenyewe.

Mwaka 1780 aliibiwa fedha nyingi ambazo walowezi wenzake walimkabidhi ili awanunulie vibali. Baadaye, akiwa naibu mpimaji, aliwapimia wengine mashamba ambayo mipaka yake iligongana na ya watu wengine, na kesi zikamwandama.

Alihamia Missouri mwaka 1799, ilipokuwa chini ya Hispania, na mwaka uliofuata akateuliwa kuwa mwamuzi na msimamizi wa wilaya ya Femme Osage. Alipewa ardhi ya takriban ekari 850, lakini hakukamilisha masharti ya kuimiliki, kwa hiyo baada ya Marekani kulichukua eneo hilo dai lake lilikataliwa. Bunge la Marekani lilimrudishia ardhi hiyo mwaka 1814, naye akauza sehemu kubwa ili kuwalipa waliomdai kutoka Kentucky.