Dawa ya lehemu na kifafa: ami asiache vidonge vyake

Swali: Ami yangu, mkaazi wa Wete, alipata kiharusi, na tangu hapo huanguka kifafa. Anatumia kabamazepini na atovastatini. Kijana mmoja mtaani kasoma kwamba dawa za lehemu (kolesteroli, yale mafuta ya damu) nazo hukinga kifafa. Si atumie hiyo moja tu?

Jibu: Asithubutu. Atovastatini ni statini: hulizuia ini kutengeneza lehemu nyingi, na ami yako kapewa ili asipate kiharusi cha pili. Kinachomzuilia kifafa ni kabamazepini. Akiikata ghafla anaweza kupata kifafa kisichokatika, na hicho huua.

Swali: Kwani huyo kijana kaongopa?

Jibu: Hakuongopa, ila habari yake ni ya panya zaidi kuliko ya watu. Panya hupewa kemikali ya kuwatia kifafa, kama asidi ya kainiki. Katika majaribio kadhaa, waliotangulia kupewa statini walichelewa kuanguka au waliugua kidogo. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni. Kifafa kikipanda, seli zake hutaharuki na kutoa chembe kali za oksijeni zinazoshambulia mafuta ya kuta za seli, yakachacha kama samli ya zamani. Statini ilipunguza uharibifu huo kwa panya. Kwa binadamu haijaidhinishwa kuwa dawa ya kifafa. Inachoweza ni kupunguza viharusi, na kwa wazee kiharusi ni chanzo kikubwa cha kifafa. Kwangu mimi faida hiyo yatosha.

Swali: Dawa hizo mbili zinapatana?

Jibu: Hili ndilo la kuuliza hasa. Kabamazepini na dawa nyingine za kifafa, yaani fenitoini na fenobabitali, ile iliyozoeleka kwetu, hulichochea ini livunje atovastatini na mwenzake simvastatini upesi, lehemu isishuke ipasavyo. Valproeti, nayo ya kifafa, haina tabia hiyo. Daktari anaweza kupima lehemu, kisha akabadili kiwango au aina ya statini. Basi ami aende na vidonge vyote mkobani, na dawa za miti pia kama anakunywa. Misuli ikimuuma sana au mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Swali: Akianguka, shangazi humtia kijiko mdomoni. Ni sawa?

Jibu: La. Huvunja meno. Mlazeni ubavu, wekeni kanga chini ya kichwa, na mtazame saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, tafuteni gari.