Umeme wa Maji, Moshi wa Makaa: Tunayoyakosea kuhusu Hewa ya Uganda

"Umeme wetu ni wa maji, moshi unatuhusu nini?" Neno hili nalisikia Jinja, nalisikia Kampala, na nusu yake ni kweli. Tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe mwaka 1954, Nile ndiyo inayotuwashia taa kwa mabwawa yake: Nalubaale (ndiyo Owen Falls yenyewe), Kiira, Bujagali, Isimba, na sasa Karuma ya megawati 600, iliyozinduliwa Septemba 2024. Hakuna bomba la moshi hata moja hapo.

Lakini mto hautii amri. Mwaka 2005 na 2006 ukame, pamoja na maji kufunguliwa kupita kiasi kwenye mabwawa ya Jinja, Nile inapotoka ziwani, ulishusha kina cha Ziwa Viktoria. Mgao wa umeme ukawa jambo la kila siku. Jenereta kubwa za dizeli zikakodiwa, nyingine zikawekwa Lugogo, ndani ya jiji la Kampala. Baadaye ukaja mtambo wa Namanve, nje kidogo ya Kampala, megawati 50, unaochoma mafuta mazito. Na hiyo ni mitambo inayohesabiwa. Kila saluni na kila duka lililojiweza lilinunua jenereta lake dogo, likaunguruma mlangoni, moshi wake ukiishia puani mwa wapita njia. Ndiyo maana mipango ya umeme ikitajwa, mimi huuliza kwanza: mvua zikikosa, tutachoma nini?

Wapo wanaojibu kwamba bomba likiwa refu, moshi unapotelea juu. Haupotei. Mafuta mazito yana salfa. Ikiungua huwa gesi, na gesi hiyo ikikaa angani hugeuka chembechembe laini mno, ndogo kuliko unene wa unywele kwa mbali, zinazosafiri na upepo na kuzama ndani kabisa ya mapafu. Mtambo ukiwaka Namanve, anayevuta si mkazi wa Namanve peke yake.

Wengine wanaisubiri gesi ya Bonde la Albertine, kule magharibi kwenye visima vya mafuta, wakiiita safi kabisa. Ni kweli inayashinda mafuta mazito: masizi ni machache sana na salfa karibu hakuna. Bado hutoa oksidi za nitrojeni na kaboni dioksidi, na methani ikivuja kabla ya kuchomwa, inapasha dunia joto kuliko kaboni dioksidi mara nyingi.

Kosa linaloniumiza zaidi ni kuchanganya kaboni na moshi. Viwanda vya sukari vya Kakira na Kinyara huzalisha umeme kwa kuchoma makapi ya miwa. Kwa hesabu ya tabianchi ni jambo jema, kwa kuwa miwa mipya hufyonza tena kaboni ile. Pafu halijui hesabu hiyo. Makapi yakichomwa bila vichujio vizuri, majivu na chembechembe hutoka vilevile. Kuni nazo ni hivyo hivyo.

Basi Karuma imekamilika, hewa ya Kampala itasafika? Panda kilima cha Muyenga alfajiri uutazame mtaa wa Namuwongo chini: ukungu ule si ukungu mtupu. Shirika la Afya Duniani linataka chembechembe laini zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Kampala huvuka kiwango hicho mara kadhaa. Hazitoki Karuma. Zinatoka kwenye taksi na boda boda, vumbi la barabara, taka zinazochomwa, na sigiri. Zaidi ya kaya tisa kati ya kumi nchini hupikia kuni au makaa, zikiwemo nyingi zenye waya wa umeme ukutani. Umeme kwao ni wa taa, simu na televisheni, kwa sababu makaa hununuliwa kidogo kidogo, ya siku moja, na jiko la umeme hudai fedha nyingi kwa mkupuo.

Kilo moja ya maharage katika sufuria ya presha ya umeme haimalizi hata uniti moja. Kwenye sigiri inakula saa mbili tatu za makaa, na muda wote huo mtoto yuko mgongoni mwa mama.