Picha ya enzi si picha iliyozeeshwa

Kupiga picha ya enzi ndani ya nyumba ni kupanga chumba, taa na kamera ili mtazamaji aamini kwamba anaangalia, tuseme, sebule ya mwaka 1955. Maana yake haizidi hapo. Lakini siku hizi sebule yoyote ikishapakwa kahawia kwenye simu tayari inaitwa picha ya enzi, na hilo si sahihi.

Ukahawia ule wa picha za zamani haukuwemo chumbani. Ulitokana na kemikali: madini ya fedha yaliyo kwenye karatasi ya picha yaligeuzwa kuwa salfaidi ya fedha, ambayo hudumu zaidi na rangi yake ni ya kahawia. Waliokaa humo waliona mapazia mekundu na kuta za kijani kama tunavyoona sisi. Ukiongeza ukahawia, mikwaruzo na madoa, umeiga uchakavu wa karatasi. Anayepiga picha ya enzi anataka kinyume chake: rangi ya ukutani bado mbichi, kitambaa cha kochi hakijapauka, kwa sababu mwaka ule vilikuwa vipya.

Au tuseme baadhi yake vilikuwa vipya. Hakuna familia inayonunua kila kitu mwaka mmoja. Sebule ya 1955 ingeweza kuwa na kabati la kurithi, saa ya ukutani ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na redio iliyonunuliwa juzi. Ukiijaza vitu vya 1955 pekee, inafanana na dirisha la duka la fanicha.

Mwanga nao una tarehe zake. Taa za mirija zilianza kuuzwa mwaka 1938, kwa hiyo haziwezi kuwaka katika chumba cha 1925. Humo inafaa balbu ya waya wa tungsteni, yenye umanjano wake, na kona ziachwe na giza. Mpiga picha Mfaransa Eugène Atget alipopiga picha za ndani ya nyumba za Paris mnamo 1910, alitegemea mwanga wa dirishani na kuiacha lenzi wazi kwa muda mrefu. Ukimulika kila pembe sawasawa, chumba kinarudi leo hata kama kila kiti ni cha wakati wake.

Kupaka kahawia si kosa, na wengi hupendezwa nako. Ila hiyo tuiite picha iliyozeeshwa. Ya enzi ni ile ambayo, ukiondoa rangi yote ya kuongezea, chumba bado kinakutajia mwaka wake.