Futa Wi-Fi za zamani kwenye kompyuta, ukianza na zisizo na nywila

Mfanyakazi mwenzetu alileta kompyuta yake kitengo cha TEHAMA akilalamika kwamba intaneti ya ofisi inasuasua. Tulipoitazama, haikuwa kwenye mtandao wa ofisi hata kidogo. Ilikuwa imejiunga na Wi-Fi ya wageni ya jengo la jirani, aliyoitumia siku moja tu, zamani, akisubiri kikao. Mwenyewe hata hakuikumbuka.

Kila unapojiunga na Wi-Fi, kompyuta huhifadhi jina la mtandao, aina ya ulinzi wake, na nywila kama ipo. Ikikutana tena na jina hilo, kwa kawaida hujiunga yenyewe bila kukuuliza. Na jina la Wi-Fi halina mwenyewe: yeyote anaweza kuwasha hotspoti kwenye simu yake na kuipa jina alitakalo, mradi lisizidi herufi 32.

Mtandao wenye nywila si rahisi kuigizwa, kwa kuwa kompyuta na ruta (kifaa kinachorusha Wi-Fi) hupimana kwanza kama zote zinaijua nywila ileile. Wasiwasi wangu uko kwenye mitandao ya wazi, ile ya viwanja vya ndege, hoteli na migahawa. Huko kompyuta haina cha kukagua zaidi ya jina. Ni kweli tovuti nyingi siku hizi husimba mawasiliano (huyageuza yasisomeke na wengine), kwa hiyo aliyetega mtandao bandia wenye jina hilo hatasoma barua pepe zako kirahisi, lakini anaweza kuona unatembelea tovuti zipi, au akakuletea ukurasa bandia unaodai nywila ili "uruhusiwe" kuingia mtandaoni.

Kwenye Windows 10 na 11, fungua "Settings", nenda "Network & internet", kisha "Wi-Fi", halafu "Manage known networks". Chagua jina usilolihitaji, bonyeza "Forget". Basi.

Orodha ikiwa ndefu, mimi hupendelea Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri. Andika:

netsh wlan show profiles

Majina yote yatashuka mbele yako. Kujua kama mtandao fulani ni wa wazi, andika netsh wlan show profile name="jina" na utafute mstari wa "Authentication"; ukisomeka "Open", huo ndio wa kuanza nao. Kuufuta:

netsh wlan delete profile name="jina"

Ukiweka nyota (*) mahali pa jina, mitandao yote inafutika, pamoja na mtandao wa nyumbani ambao huenda nywila yake huikumbuki. Iandike kwanza. Amri ile ya show profile name="jina", ukiiongezea key=clear mwishoni, hukutolea nywila ikiwa wazi kwenye mstari wa "Key Content". Hapo utaona kwa nini usiuze wala kugawa kompyuta kabla ya kuisafisha: nywila za nyumba zote ulizowahi kutembelea zinaweza kusomwa na atakayeishika.

Kwenye Mac, kuanzia macOS Ventura ya 2022, fungua "System Settings", "Wi-Fi", kisha "Advanced". Bonyeza nukta tatu pembeni ya jina, uondoe. Kama unatumia iCloud Keychain, hifadhi ya nywila ya Apple inayounganisha vifaa vyako, mtandao huo huenda ukatoweka pia kwenye simu yako ya iPhone, usishtuke. Wa Linux wenye NetworkManager, programu ya kusimamia mitandao, watatumia nmcli connection show, halafu nmcli connection delete.

Kompyuta ya kazini ikikataa kufuta mtandao, au ukirudi wenyewe baada ya kufutwa, huenda umewekwa na wasimamizi, zungumza nao.

Yule mwenzetu alikataa katakata kufuta Wi-Fi ya jirani, akidai itamfaa siku ya ofisi ikikatika. Tukamwachia. Tulichofanya ni kuifungua kwenye ile orodha na kuondoa alama ya "Connect automatically", ili siku akiitaka aichague mwenyewe kwa mkono.