Je, wajua kwa nini treni ndogo za Ireland hutembea juu ya reli isiyo yao?

Weka mezani kichwa cha treni cha Ireland cha aina ya 071, kile cha modeli chenye urefu wa sentimita 23 hivi, ukitazame kwa ubavu. Kila kitu kipo: vishikio vya milangoni, feni za paani zenye wavu, rangi ya chungwa na mkanda mweusi, na namba ndogo kiasi kwamba wengine huzisoma kwa miwani. Sasa kigeuze kikutazame, uiname mpaka macho yako yalingane na meza. Hapo ndipo utaona kitu hakijakaa sawa. Magurudumu yamebanwa katikati kama mtu aliyesimama amebana magoti, na bodi pana imening'inia huku na huku.

Aliyekiunda hakukosea. Chanzo ni mapatano mawili yaliyofanywa miaka mingi iliyopita, moja la wahandisi wa reli na jingine la watengenezaji wa vitu vya kuchezea, na Mwairishi apendaye treni ndogo analipia yote mawili.

Tuanze na reli yenyewe. Huku kwetu tumezoea namba zetu: reli ya zamani ya Mombasa na ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma ina upana wa mita moja, TAZARA ina milimita 1,067, na SGR ina milimita 1,435, kipimo cha Uingereza na sehemu kubwa ya dunia. Reli ya Ireland ni pana kuliko zote hizo. Kutoka chuma hadi chuma ni milimita 1,600, yaani futi 5 na inchi 3.

Hakuna mhandisi aliyeketi akaamua kwamba hicho ndicho kipimo bora. Mwanzoni kila kampuni ilijichagulia upana wake. Reli ya kwanza, ya Dublin hadi Kingstown (mji unaoitwa leo Dún Laoghaire), ilifunguliwa mwaka 1834 kwa kipimo cha 1,435. Mwaka 1839 Reli ya Ulster ikaanza kutoka Belfast kwenda Lisburn kwa futi 6 na inchi 2. Ya Dublin hadi Drogheda ikaja mwaka 1844 na futi 5 na inchi 2. Treni ya Dublin na ya Belfast zingekutana njiani zisiweze kupeana hata behewa moja. Mkaguzi wa reli wa serikali, Meja Jenerali Pasley, akaulizana na wahandisi wakubwa wa wakati ule, kila mmoja akiwa na namba yake, na kilichopatikana katikati ya namba hizo kikawa futi 5 na inchi 3. Hakikuwa kipimo cha kampuni yoyote kati ya hizo, kwa hiyo zote zikalazimika kubadilika. Sheria ya mwaka 1846 ikakitia muhuri. Hadi leo kipimo hicho kinapatikana Ireland, kusini mwa Australia na Brazili, basi. Hata tramu za Luas za mjini Dublin hazikukifuata, zinatumia 1,435.

Patano la pili ni la mezani. Miaka ya 1920 treni za kuchezea za Ulaya zilikuwa kubwa, za kipimo kinachoitwa O, na wenye nyumba ndogo wakataka zilizo nusu yake. Kutokana na hapo ikaja HO: kila futi ya treni halisi huwa milimita 3.5, na reli huwa na upana wa milimita 16.5. Kwa reli ya 1,435 hesabu hiyo inaingia vizuri kabisa. Kilichokwamisha Waingereza ni mota. Vichwa vyao vya treni ni vidogo kuliko vya Marekani au Ujerumani, kwa kuwa madaraja na mahandaki yao yalijengwa mapema na yamebana, na mota za umeme za enzi ile zilikataa kuingia ndani ya bodi finyu namna hiyo. Watengenezaji wakaikuza bodi hadi milimita 4 kwa futi, na reli wakaiacha vilevile, 16.5. Kipimo hicho kikaitwa OO. Hornby walipotoa seti zao za Hornby Dublo mwaka 1938, OO ikaota mizizi Uingereza, na Ireland ikanunua dukani kilichokuwepo. (Jina Dublo halitokani na Dublin, ingawa wengi hudhani hivyo. Ni herufi O mbili zikitajwa kwa Kiingereza.)

Sasa piga hesabu ya Ireland. Kwa milimita 4 kwa futi, futi 5 na inchi 3 ni milimita 21 kamili. Reli ya dukani ni 16.5. Milimita 4.5 hazipo. Mwingereza naye hupunjwa, maana reli yake ilipaswa kuwa 18.83, lakini kwake ni milimita 2 na ushei na jicho linasamehe. Ukiikuza ile 16.5 irudi kwenye ukubwa wa kweli unapata milimita 1,257 hivi. Yaani kichwa cha treni cha Ireland kimesimamishwa kwenye reli iliyopungua sentimita 34, zaidi ya sehemu moja ya tano ya upana wake.

Wapo wanaokataa kuishi na upungufu huo. Wanaitwa kwa kipimo chao tu, watu wa 21, na mtu akijiunga nao kwa kawaida huanza na behewa, kwa sababu behewa halina mota. Bodi mara nyingi haina neno. CIÉ, shirika la usafiri la Ireland, liliponunua mabehewa ya Mk2 mwaka 1972, yalikuwa ya muundo wa Uingereza yaliyowekewa magurudumu ya 1,600, kwa hiyo modeli ya Kiingereza iliyopakwa rangi ya chungwa na nyeusi inakaribia sana ukweli. Mabehewa ya Cravens ya miaka ya 1960, yaliyounganishwa kwenye karakana ya Inchicore mjini Dublin, hayakuwa na ndugu Uingereza wa kuazimwa bodi; zamani aliyeyataka alikata plastiki kwa mkono, hadi kampuni ya Murphy Models ilipoyatoa tayari.

Kazi iko chini ya behewa. Ekseli ya modeli ni kijiti cha chuma chenye urefu wa milimita 26 hivi, kilichochongwa ncha pande zote mbili kama penseli, na ncha hizo huzunguka ndani ya vishimo vidogo kwenye fremu. Magurudumu mawili yamebana juu yake kwa kukazwa tu. Ukiyashika kwa vidole, ukayazungusha huku ukiyavuta taratibu, yanasogea nje. Shida ni kuyasogeza sawa kwa sawa. Upande mmoja ukizidi hata nusu milimita, behewa litakwenda limekaa upande, na likifika kwenye makutano ya reli litaruka. Kwa hiyo unavuta kidogo, unapima kwa vernia, unavuta tena, unapima. Yakishafika mahali pake, uso wa nje wa gurudumu unakuwa umekaribia kugusa fremu ya plastiki. Fremu inakwanguliwa kwa ndani kwa kisu chembamba, unyoya kwa unyoya, hadi ukipuliza gurudumu linazunguka lenyewe bila kukwaruza.

Kichwa cha dizeli kinahitaji uvumilivu zaidi kwa sababu ya giya zilizo kwenye ekseli, lakini kinawezekana, na baadhi ya modeli za siku hizi zimeachiwa nafasi hiyo makusudi. Cha mvuke ni habari nyingine. Chukua J15, kichwa cha kazi zote cha kusini na magharibi mwa Ireland. Viliundwa 111 kati ya mwaka 1866 na 1903. Magurudumu yake yameingia chini ya vifuniko vilivyoungana na bodi, na ukitazama chini ya boila unaona mwanga ukipita katikati ya fremu mbili. Ukipanua magurudumu bila kupanua fremu, mwanga huo unakudanganya. Ni lazima kukata fremu mpya ya shaba nyeupe na kuanza upya kutoka chini kwenda juu.

Reli ya milimita 21 nayo huwezi kuchomoa rafuni kama ile ya 16.5. Unaiunda. Mataruma hukatwa kutoka kwenye ubao wa saketi, ule uliofunikwa shaba nyembamba, kisha vyuma vya reli hulehemiwa juu yake kwa risasi, kimoja baada ya kingine. Kabla hujawasha umeme, kwaruza shaba katikati ya kila taruma mpaka utepe mwembamba ubaki mtupu. Treni hizi huchukua volti 12 kutoka kwenye reli mbili, chanya huku na hasi kule. Taruma moja ulilolisahau linaziunganisha, na njia nzima inanyamaza. Kulipata hilo moja katikati ya mamia kunakula jioni nzima.

Ndiyo maana wengi hubaki na 16.5, na siwalaumu. Wanapata makutano tayari, wanaweza kupeleka treni yao kwa rafiki ikatembea, na muda wanaouokoa wanautumia kwenye rangi na masizi ya paani. Cyril Fry, aliyekuwa mchoraji wa ramani za kazi huko Inchicore, ambaye modeli zake sasa ziko kwenye jumba la makumbusho la Malahide, kaskazini mwa Dublin, anaheshimiwa kwanza kwa mkono wake na kwa jinsi alivyozijua treni zenyewe. Hata hivyo, mimi nikiona njia ya 21 uso kwa uso, treni imesimama imetanua miguu yake kama inavyosimama stesheni ya kweli, sitaki tena kutazama nyingine.

Na kuna jambo moja linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Ireland ilikuwa pia na reli nyembamba za mashambani, za futi 3: Donegal, West Clare, Tralee na Dingle. Futi 3 kwa milimita 4 ni milimita 12, na reli ya milimita 12 huuzwa tayari, kwa ajili ya kipimo kingine kabisa kinachoitwa TT. Kwa hiyo yale magari ya reli ya Donegal, mekundu na rangi ya maziwa, yaliyokuwa yakitumia dizeli tangu mwaka 1931 na kuacha kukimbia mwisho wa mwaka 1959, ukiyaunda leo mezani yanakaa juu ya reli ya dukani bila kupungua hata unywele.