Ikama salama ya wauguzi na haki ya kupumzika kazini

Ikama salama ni idadi ya wauguzi, pamoja na ujuzi wao, inayotosha kuwahudumia wagonjwa waliopo wodini kwa wakati husika bila kuhatarisha maisha ya wagonjwa wala afya ya wauguzi wenyewe. Haki ya kupumzika, kwa upande wake, ni stahili ya mfanyakazi kupata muda wa kula na kutulia ndani ya zamu, saa za kutosha za kulala kati ya zamu moja na nyingine, na siku ya mapumziko katika kila wiki. Mambo haya mawili kwa kawaida huandikwa katika nyaraka tofauti, lakini wodini hayatengani hata kidogo, kwa sababu muuguzi aliyebaki peke yake na wagonjwa hawezi kupumzika, hata sheria iseme nini.

Kwa Tanzania Bara, haki ya kupumzika imewekwa wazi katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Saa za kawaida za kazi hazipaswi kuzidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na hata zikijumlishwa saa za ziada, siku moja ya kazi haipaswi kuvuka saa 12. Mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya angalau dakika 60, na kati ya kumaliza kazi na kuianza tena ziwepo saa 12 mfululizo za kupumzika, mbali na saa 24 za mapumziko ya wiki. Kwa hiyo muuguzi aliyetoka zamu ya usiku saa 2 asubuhi hapaswi, kwa kawaida, kuitwa tena kazini kabla ya saa 2 usiku. Saa zinazofanywa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi zina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa muda usiozidi jumla ya saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Haki hii ina uzito wa pekee katika taaluma ambayo wengi wake ni wanawake, na inasikitisha kwamba mara nyingi ndiyo ya kwanza kusahaulika ratiba inapobana.

Kifungu cha 23, kinachohusu mapumziko ya ndani ya siku, kina sharti ambalo kila muuguzi anapaswa kulisoma kwa makini. Mwajiri anaweza kumtaka mfanyakazi aendelee na kazi wakati wa mapumziko ikiwa kazi hiyo haiwezi kuachwa bila mtu, au ikiwa hakuna mfanyakazi mwingine anayeweza kuifanya. Mama aliye katika hatua za mwisho za uchungu hawezi kuachwa, wala mgonjwa aliyewekewa damu muda mfupi uliopita. Hakuna muuguzi anayebishana na hilo. Lakini katika wodi yenye muuguzi mmoja kwa zamu, kazi haiwezi kuachwa saa yoyote ile, na hivyo ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya hali chache inageuka kuwa utaratibu wa kila siku. Kifungu hichohicho kinaonyesha kwamba muda wa mapumziko ambao mfanyakazi ametakiwa kufanya kazi, au kukaa tayari kwa kazi, ni muda wa kulipwa. Malipo, hata hivyo, hayarudishi umakini uliopotea, na kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa zaidi, kwa kuwa kipimo cha dawa kinachokosewa alfajiri na mtu mwenye njaa na uchovu humfikia mgonjwa.

Sheria pia inalegeza masharti haya kwa kazi ya dharura isiyoweza kukamilishwa ndani ya saa za kawaida. Basi likipinduka na majeruhi wengi wakaletwa kwa pamoja, hiyo ni dharura, na wauguzi hubaki bila kuulizwa. Upungufu wa watumishi uliojulikana tangu bajeti ilipopitishwa ni jambo la mipango, na kuuita dharura kila wiki ni kuitumia sheria kinyume na kusudi lake.

Kiini cha suala zima kinaonekana katika hesabu rahisi. Wiki ina saa 168. Nafasi moja ya muuguzi kando ya kitanda, ikitakiwa kujazwa usiku na mchana, inahitaji saa hizo zote, ilhali mtu mmoja kisheria anafanya saa 45 za kawaida. Ukigawanya, unapata watu wanaokaribia 4. Ukiondoa likizo ya mwaka ya siku 28 kwa kila mmoja, wanafika 4 kamili, na bado hujahesabu ugonjwa, likizo ya uzazi, mafunzo wala sikukuu. Kwa maneno mengine, wodi yenye wauguzi 4 katika orodha ina muuguzi mmoja tu kwa wakati wowote. Ili wawepo wawili, mmoja apate kula wakati mwenzake anaangalia wagonjwa, orodha hiyohiyo inahitaji wasiopungua 8. Ndiyo maana ikama inayotajwa kwa kituo kizima inaweza kupotosha, hata kama imejazwa kikamilifu: swali la msingi ni wangapi wako zamu sasa, wakiwa na ujuzi gani, mbele ya wagonjwa walio katika hali gani. Shirika la Afya Duniani lina njia ya kukadiria mahitaji ya watumishi kwa kupima mzigo halisi wa kazi, na njia hiyo hufika karibu zaidi na ukweli wa wodini kuliko kuhesabu vitanda au aina ya kituo pekee.

Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha mwaka 1999 sheria ya uwiano wa wauguzi na wagonjwa, na uwiano huo ukaanza kutumika mwaka 2004. Katika wodi za kawaida za magonjwa ya ndani na za upasuaji muuguzi mmoja hapewi zaidi ya wagonjwa 5, na katika uangalizi maalumu hapewi zaidi ya 2. Jambo ambalo naona lina busara kuliko tarakimu zenyewe ni kwamba uwiano huo unatakiwa kudumu wakati wote, hata muuguzi anapokwenda kula, kwa hiyo lazima awepo wa kumpokea. Utafiti wa Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, kutokana na hospitali za jimbo la Pennsylvania, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu kulazwa.

Kimataifa, Mkataba Na. 149 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1977, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unataka wauguzi wapate masharti ya saa za kazi na mapumziko yasiyopungua yale ya wafanyakazi wengine. Wito wa kazi hii, ambao wauguzi wengi wanao kwa dhati, haupunguzi stahili hiyo.

Kwa sheria ya Tanzania, huduma za afya zimo katika orodha ya huduma muhimu ambazo wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma, hivyo kumbukumbu za maandishi zina thamani kubwa. Muuguzi aliyekosa mapumziko anapaswa kuandika katika kitabu cha makabidhiano tarehe, zamu, idadi ya wagonjwa, idadi ya wauguzi waliokuwepo na sababu ya kukosa, kisha amtaarifu muuguzi mfawidhi na tawi la chama chake cha wafanyakazi. Katika sekta binafsi, mgogoro usiotatuliwa unaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipojitokeza. Mtumishi wa umma anatakiwa kwanza kumaliza njia zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, na kumbukumbu hizohizo ndizo atakazoziwasilisha huko.